Nepi za Uzi wa Kijani

Mtu akikwambia gari jeusi linaoshwa sawa na jeupe, basi hajawahi kuosha gari, au lake ni jeupe. Gari jeupe linakuvumilia. Unaliosha saa saba mchana, unalifuta na fulana uliyopewa kwenye kampeni, linaondoka linacheka. Gari jeusi lina kinyongo. Ukilipitisha kitambaa vibaya, linakuonyesha. Ukiliacha na maji kidogo kwenye kona, linakaa kimya mpaka lifike mbele za watu, ndipo linasema.

Shemeji yangu Paskali, mume wa dada yangu Genoveva, ndiye mtu pekee niliyemwona Babati ambaye gari jeusi halikuwa na la kusema juu yake. Mpaka lile la Mama Dorothea.

Paskali alishuka Babati kutoka Mbulu wakati mkoa wetu ulipokuwa mpya kabisa. Kila mtu alikuwa anashuka wakati ule. Ofisi zilikuwa zinahamia, vyumba vya kupanga vilikuwa vinagombewa, na hata nyumba za kule Singe, pembeni ya mji, zilizokuwa hazijaezekwa zilikuwa na watu wanaosubiri kuingia. Wengine walikuja na vyeti. Paskali alikuja na ndoo. Kwao alikuwa analima mahindi na maharage na baba yake, lakini shamba lilikuwa dogo na kaka zake walikuwa wengi. Akaona magari ya mji huu yanavyopita na vumbi jekundu mpaka kwenye vioo, akasema moyoni kwamba hapa hawezi kukosa kazi. Maofisa wapya walikuja na magari ya rangi nzito: nyeusi, bluu ya usiku, kijani kibichi. Nani aliwashauri waje na rangi hizo kwenye mji wa barabara za udongo, sijui, lakini Mungu ambariki. Alitulisha.

Uwanja wetu ulikuwa kando ya njia ya kwenda Nakwa. Ninasema wetu kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa ndani: nilifuta dashibodi, nikakung'uta mazulia, nikatoa maganda ya karanga chini ya viti. Nilikuwa nimeacha diploma yangu katikati, nikaja kwa dada kupumzika wiki moja, na wiki hiyo bado inaendelea. Paskali aliosha nje. Na Rogath alikuwa mdomo.

Rogath alitoka Rombo. Alikutana na Paskali mnadani, yeye akiuza suruali za mitumba, Paskali akitafuta moja inayomfikia mguuni. Wakapatana bei, wakapatana na urafiki. Rogath ni mtu anayeweza kusimamisha gari lililooshwa jana akamshawishi mwenyewe kuwa ni chafu. Paskali, kwa upande wake, akiona mkubwa anakuja anainama kwenye ndoo. Siyo kwamba hajui Kiswahili. Anajua, ila anakipima kabla ya kukitoa, na mpaka amalize kukipima mteja amefika Singida.

"Wewe osha, mimi niseme," Rogath alikuwa anamwambia. "Mungu angetaka wote tuseme, angempa kila mtu mdomo kama wangu."

"Angeogopa kelele," Paskali anajibu, baada ya muda, na sisi tunacheka kwa sababu tulishasahau kuwa anatafuta jibu.

Careen alipozaliwa, mtoto wa kwanza wa dada yangu, Paskali hakuhangaika kufikiri nani atakuwa baba wa ubatizo. Rogath alisimama kanisani na koti la kuazima, akamshika mtoto, akaahidi yote aliyoulizwa na padri. Zawadi yake ilikuwa furushi la nepi za kitambaa, nyeupe, nzuri, za pamba tupu. Dada yangu alilia kwa furaha. Rogath akasema, "Mama Careen, usilie, hizo ni za mtoto kulilia."

Na hizo nepi ndizo zilizomfanya Paskali awe Paskali.

Mtoto akakua, nepi zikafuliwa na kuanikwa, zikafuliwa tena, mpaka zikawa laini kama sikio la sungura. Siku moja gari la bluu ya usiku lilikuwa limesimama linachuruzika, na vitambaa vyetu vyote vilikuwa vimeloa. Paskali akakimbia nyumbani, akanyofoa nepi kwenye kamba, akarudi. Akaitandaza juu ya boneti kama mtu anayetandika kitanda, akaishika ncha mbili, akaivuta kuja kwake taratibu. Hakusugua, hakuzungusha. Nepi ilipopita, hapakuwa na kitu. Hakuna mchirizi, hakuna nyuzi nyuzi. Kulikuwa na Mlima Kwaraa umekaa ndani ya boneti na wingu lake.

Mteja alipoambiwa kilichofuta gari lake ni nepi, alinuna. Alipoliona gari, akauliza kama tuna zingine.

Tangu siku ile dada yangu akawa anazipiga pindo kwa uzi wa kijani. Kijani maana yake ni bodi tu: paa, boneti, milango. Matairi na rimu vilikuwa na matambara yao ya fulana, na ole wako uyachanganye. Mimi niliyachanganya mara moja. Paskali hakunigombeza. Alikaa chini akaniangalia kwa huzuni, na mimi nikatamani angenipiga.

Kitu cha pili kilikuwa maji. Kisima cha uwanjani kwetu kina maji ya chumvi. Ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Ukiyaacha yakauke kwenye rangi nyeusi, gari linaonekana kama limeota ukurutu. Kwa hiyo gari jeusi lilioshwa kwa maji ya kisima na shampuu, lakini maji ya mwisho kabisa, ya kusuuzia, yalikuwa ya mvua. Masika yakianza Paskali alikinga kwenye bati la kibanda chetu, akajaza mapipa, akafunika, akatia kufuli. Kufuli kwa sababu akina mama wa jirani walikuwa wanayamezea mate. Maji ya mvua yanaivisha maharage haraka, na ya kisima chetu yanayafanya yawe kokoto. Hata dada yangu alikatazwa kuyagusa. Funguo alikuwa nazo Paskali, na Rogath. Basi.

Tulichokosa kilikuwa kivuli. Uwanja wetu ni jangwa. Jua likishapanda, boneti jeusi linakuwa kikaango. Maji yanakauka kabla hujageuka, sabuni inaganda, na hata nepi haikusaidii. Kwa hiyo magari meusi tuliyaosha alfajiri tu, na yakija baada ya hapo Paskali anaweka kiganja juu ya boneti, anatikisa kichwa, anayarudisha. Rogath alikuwa anaumia kuyaona yakiondoka.

Ndipo Paskali akaanza kuchora. Alichora chini, kwa kijiti, wakati wa kusubiri wateja: kibanda kikubwa cha bati, kirefu cha kuingiza gari zima, mfereji pembeni mwa bati, na mfereji unashuka kwenye tangi. Kivuli juu, maji ya mvua pembeni. "Ukiwa nacho hiki," alisema, "gari jeusi unaosha hata saa sita. Hata kiangazi chote."

"Kijengwe wapi sasa?" nikamuuliza. "Hapa kwenye jangwa la mwenye kiwanja?"

"Kwa Mama Dorothea," akasema. Inaonekana alishalipima siku nyingi.

Mama Dorothea alikuwa na sheli ya mafuta kwenye barabara ya Singida, na nyuma ya sheli uwanja mtupu. Na alikuwa amenunua gari jeusi, refu, la kukodisha kwenye maharusi. La kwanza la namna hiyo mjini. Lingembeba kwanza binti yake mwenyewe, Dorothea, kisha wa wenzake. Gari la namna ile linahitaji mtu wa kulitunza kila wiki. Paskali alitaka awe mtu huyo. Sijawahi kumwona akitaka kitu kingine kwa namna ile. Hata kumwoa dada yangu alitaka kwa utulivu zaidi.

Lakini nani akaseme? Akaenda Rogath. Alikwenda na mchoro, kwa sababu mimi niliunakili kwenye karatasi ili asitoke na kiwanja chetu mgongoni. Akarudi anachekelea.

"Mama amekipenda kibanda! Amesema anakijenga. Ila kwanza anataka aone kazi. Jumamosi ya harusi tunaliosha lile gari. Likitoka safi, tumeingia."

"Tumeingia," Paskali akarudia, na akacheka mwenyewe. Lilikuwa ni neno refu kwake.

Ilikuwa Agosti, kiangazi. Mapipa yote yalikuwa yamekauka isipokuwa moja la mwisho, na Paskali alikuwa ameliwekea gari lile. Magari mengine meusi alikuwa anayaambia waziwazi, maji hayapo, subirini Novemba. Ijumaa jioni alikuwa na mazoezi ya kwaya, maana kwaya yao ndiyo ingeimba kwenye misa ya harusi. Rogath akamwambia, "Nenda kaimbe, Baba Careen. Uwanja nitaufunga mimi."

Jumamosi kulipopambazuka gari lilikuwa limeshafika. Rogath naye alifika, amevaa suti.

"Umevaa suti kuosha gari?" nikamuuliza.

"Nimeingizwa kwenye kamati ya harusi, Nusu Diploma. Watu wenye akili wanaonekana."

"Mbona sisi tuliobeba mazulia mabegani hatujaonekana?"

"Zulia linawaziba."

Paskali hakuwa anasikia. Alikuwa amevua saa na mkanda, maana kifungo cha mkanda kinakwaruza rangi nyeusi na yeye hakubali hata kuegemea. Akaanza na matairi, akamaliza, akanawa mikono kama daktari. Akalilowesha gari kutoka paani kushuka chini ili vumbi liondoke lenyewe, bila kuguswa, kwa sababu vumbi letu lina mchanga, na ukilisugua umechora ramani. Ndoo moja ya shampuu, ndoo nyingine ya kusuuza sponji. Paa kwanza, kisha vioo, kisha boneti, kisha milango, na kila upande anaumalizia kabla sabuni haijakauka. Rogath alisimama mbali, akilinda suti, akisema "Vizuri, vizuri," kama vile yeye ndiye padri.

Kisha Paskali akafungua kufuli la pipa. Lilikuwa limejaa mpaka juu. Akachota kwa jagi, akayamwaga polepole kwenye paa, yakateremka yote pamoja kama shuka. Akatandaza nepi. Akavuta. Akatandaza nyingine. Jua lilipoanza kuangaza upande wa Kwaraa gari lilikuwa limekauka, na niliweza kuona kwenye mlango wake kuwa sikuchana nywele.

"Baba Careen," nikasema, "hilo hata malaika ataogopa kuligusa."

Akatabasamu. Akalizunguka, akaangalia chini ya vioo vya pembeni, akapitisha ncha ya nepi kwenye vitasa. Maji huwa yanajificha huko, kwenye vioo vya pembeni, vitasani, nyuma ya kibao cha namba, na gari likitembea yanatoka. Kwa maji ya mvua hilo halikuwa tatizo. Yanatoka, yanakauka, hayaachi alama. Hiyo ndiyo sababu ya kuyafungia kufuli toka masika. Kwa hiyo alipitisha mara moja, akaliachia.

Nilikuwa nje ya kanisa gari lilipofika na bibi harusi. Lilikuwa limezunguka mji mzima na matarumbeta, likapigwa na jua, likapigwa na upepo. Lilisimama mbele ya ngazi. Mpiga picha akasogea na kamera. Kina mama wakaanza vigelegele, na vigelegele vikakatika njiani.

Gari lilikuwa linalia.

Sina namna nyingine ya kulisema. Chini ya kila kioo cha pembeni michirizi miwili mitatu, myeupe, imeteremka kwenye mlango mpaka chini. Chini ya vitasa, hivyo hivyo. Kwenye boneti, chini ya nembo, mchirizi mmoja mrefu katikati, kama uso wa mtu aliyefiwa akasahau kunawa. Kwenye gari jeupe usingeuona. Kwenye lile, aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliuona.

"Jamani," mama mmoja akasema, "gari la harusi limetoa machozi."

Ukitaka kumwua mama wa bibi harusi, mwambie neno hilo. Mama Dorothea alitoka kwenye gari la nyuma, akaangalia, akashika kifua. "Nani ameosha hili gari?" Hakupiga kelele. Aliuliza tu, na watu wakageuka kutafuta.

Rogath alijitokeza haraka. Akatoa kitambaa kwenye mfuko wa koti, akachovya kwenye chupa ya maji, akaanza kufuta machozi, taratibu, akivuta kuja kwake, na yakatoka. "Nisamehe, Mama," alikuwa anasema. "Nisamehe. Mikono ya mtu huwezi kuisimamia yote." Mimi nilisimama pale nikamshukuru. Nilijiambia, angalau tuna mwenzetu mwenye akili. Sikujiuliza ni mtu gani anayekwenda harusini na nepi mfukoni.

Paskali alikuwa ndani, kwenye kwaya. Aliambiwa baada ya misa. Alikwenda kuliangalia gari likiwa limeshafutwa, akakuta alama kidogo chini ya kibao cha namba ambayo Rogath hakuiona, akaigusa kwa kidole, akakinusa.

Wiki ile alikaa nyumbani. Kila dakika alikuwa anaosha lile gari upya kichwani. "Nilipitisha vitasa haraka," anasema. Anakaa. "Au shampuu haikutoka." Anakaa tena. Rogath alikuja kumwona, akaleta sukari kama mtu aliyekuja msibani.

"Pumzika, ndugu yangu. Kila mtu anakosea. Mimi nitakwenda kwa Mama Dorothea, nitamwangukia. Nipe na zile nepi nikazifue, usihangaike."

"Mwambie nilikosea," Paskali akasema. "Mwambie sikudharau harusi yake."

"Nitamwambia."

Akaondoka na nepi zote.

Siku hiyo hiyo dada yangu aliomba maji ya mvua yaliyobaki. Paskali alimwangalia akasema, "Chukua. Yana kazi gani tena?" Jinsi alivyosema, mimi nilitoka nje.

Paskali akamchotea ndoo, na dada akaiweka kwa ajili ya maharage. Alikuwa amefurahi kidogo, hata kama hakutaka tumwone, maana toka aolewe anayatamani maji yale. Kesho yake asubuhi akabandika. Saa sita maharage yanaruka sufuriani kama goroli. Akaongeza kuni. Saa tisa nikachukua moja nikaling'ata, likaning'ata. Nikasema, "Dada, haya maharage ulinunua kwa fundi ujenzi?"

Hakucheka. Alikuwa anaangalia ukingo wa sufuria. Palikuwa na ukoko mweupe.

"Baba Careen," akaita. "Hebu njoo."

Paskali alikuja. Dada akapitisha ukucha kwenye sufuria, ukatoka na unga mweupe. "Haya siyo maji ya mvua. Haya ni ya kisima."

"Nimeyatoa kwenye pipa."

"Najua umeyatoa kwenye pipa. Nakwambia ni ya kisima. Mimi napika kila siku, wewe unaosha magari. Nani ana ufunguo?"

Paskali akajishika kiunoni, mahali ambapo ufunguo wake unaning'inia, akaukuta. Akasimama na mkono wake pale. Careen, aliyekuwa chini anachezea mwiko, akasema kwa sauti ya mtoto anayejua jibu darasani, "Baba wa ubatizo!"

Mimi nilikwenda kumtafuta Msafiri, mwenye mkokoteni wa sokoni, kwa sababu maji ya pipa zima hayatembei yenyewe. Sikuwa hata na haja ya kumhoji.

"Ijumaa ile?" akasema. "Si niliwabebea madumu kutoka uwanjani kwenu mpaka sheli kwa Mama Dorothea? Rogath alisema mmepata sehemu mpya. Hongereni! Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikarudi nikamwambia Paskali. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atakasirika, nilikuwa nimeshajiandaa hata kumshika, ingawa kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kumshika kidogo tu. Akauliza swali moja. "Alianza kuyajaza ya kisima, au alianza kuyatoa ya mvua?"

"Atayajazaje kabla ya kuyatoa?"

"Ndiyo," akasema. "Lazima alikaa hapo muda mrefu."

Tulimwacha Paskali apone moyo taratibu. Lakini mji ni mdogo. Haukupita mwezi, nyuma ya sheli mbao zilisimama, bati likapanda. Nilipita nikaliona. Kibanda kirefu cha kuingiza gari zima, mfereji pembeni, mfereji unashuka kwenye tangi. Hata upande wa mlango ulikuwa ule ule wa kwenye udongo wetu. Na wateja walikuwa wananisimulia, bila kujua wananichoma, kwamba kuna jamaa pale sheli anakausha gari jeusi na halina hata mchirizi.

Siku moja saa nne Paskali akavaa shati safi. "Shemeji, nisindikize." Akamshika Careen mkono, akachukua mfuko.

Rogath alikuwa kivulini na lile gari la maharusi. Lilikuwa limesuuzwa tu, linachuruzika. Kwenye kamba nyuma yake zilikuwa zimeanikwa nepi, zimepangwa, na pindo la kijani la dada yangu linaonekana kuanzia barabarani. Mama Dorothea alikaa kwenye kiti mlangoni mwa ofisi, anakunywa chai.

"Shikamoo, Mama," Paskali akaanza na yeye.

"Marahaba," akajibu, na akaangalia pembeni. Kwake yule alikuwa mtu aliyeliza gari la binti yake.

"Shikamoo baba wa ubatizo!" Careen akapiga kelele na kumkimbilia Rogath. Rogath akamwinua, kwa mazoea, kisha akawa hajui amshushe au aendelee kumshika.

"Baba Careen! Karibu. Nilikuwa nataka kuja..."

"Nimefuata nepi," Paskali akasema.

"Nepi?" Rogath akacheka. "Kaka, nepi ni kitu gani cha kufuata? Njoo tukae tuzungumze kama wanaume."

"Nepi tu."

Rogath akamshusha mtoto. Akasogea karibu, akashusha sauti, lakini sauti yake haijui kushuka. "Sikiliza. Mama alitaka mtu mmoja. Kibanda kimoja, mtu mmoja. Ningefanyaje? Mimi ndiye niliyeongea naye. Wewe ungeweza kukaa na mama kama yule ukaongea?"

Paskali akapima. Nilitamani kumsukuma.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekwambia ungekubali?"

"Ningekuachia. Ningebaki uwanjani, masika nikukingie maji."

Na alikuwa anasema kweli. Nawaambia hivyo kwa sababu namjua, na ndiyo maana mimi nililia na siyo yeye. Mtu wa namna ile huhitaji hata kumwibia. Unamwomba tu. Na Rogath alijua. Alikula kwenye sahani moja na sisi miaka yote ile. Aliona ni rahisi zaidi kumwaibisha mbele ya kanisa.

Rogath alibanwa, na mtu wa mdomo akibanwa anashika lolote lililo karibu. "Na hizo nepi nilizinunua mimi," akasema.

"Ulimpa mtoto."

Akampita, akaenda kwenye kamba. Akazitoa moja moja, hata zilizokuwa bado mbichi, akazikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko. Mama Dorothea akaweka kikombe chini. "Rogath," akaita, "kwani hizo ni za nani?" Rogath akasema, "Mama, ni mambo ya ndugu tu," na Mama akatuangalia wote kwa zamu, kisha kwa mara ya kwanza akaangalia na bati, na mfereji, kama aliyekumbuka karatasi fulani. Kama alielewa, hakusema siku hiyo, na hajasema mpaka leo. Kibanda bado ni cha Rogath.

Gari lilikuwa bado limeloa. Upepo ulishaanza kulikausha kutoka juu. Paskali alipokuwa anapita na mfuko wake, kwenye kioo cha pembeni maji yaliyojificha yakaanza kutoka, tone likasimama kwenye ukingo, likateremka mlangoni. Mkono wake uliinuka na nepi ya mwisho. Niliuona. Ulifika karibu kabisa na mlango, umeshakunja ncha, kama ulivyofanya asubuhi zote tangu nimjue. Akasimama hapo. Tone la pili likateremka.

Akaikunja nepi, akaitia mfukoni.

"Twende, Careen," akasema.

Siku hizi anaosha malori ya mbaazi na pikapu nyeupe, na akija mtu na gari jeusi anamwelekeza sheli, kwa adabu, mpaka anamwonyesha njia. Masika yaliyofuata hakukinga tone. Dada yangu ndiye alikinga, na maharage nyumbani kwetu yanaiva kabla hujamaliza kuvua viatu. Amezaliwa mtoto mwingine, wa kiume, na nepi zimerudi kwenye kazi yake ya mwanzo, pindo la kijani likiwa pale pale, maana dada amekataa kulifumua. Baba wa ubatizo wa huyu ni mjomba mmoja wa Mbulu asiyejua hata gari linafunguliwa upande gani. Paskali alimchagua kwa sababu hiyo.

Lakini Careen bado ana wa kwake, na hilo padri mwenyewe alisema halibadilishwi. Jumapili tukitoka kanisani tunapita sheli. Mtoto anamwona kivulini, anampungia mkono ulioshika kitambaa chake cha kanisani. "Shikamoo baba wa ubatizo!"

"Marahaba, mwanangu!" Rogath anajibu, kwa sauti kubwa, ya watu wote.

Paskali anasimama kumsubiri amalize kusalimia. Haangalii kibandani. Anaangalia lile gari, chini ya vioo vya pembeni, halafu tunaendelea.